Karatasi ya Bi Siwema

Kibuta, Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Shomari,

Salamu nimekupa asubuhi, na kesho tutaagana stesheni ya Pugu mbele ya watu, kwa hiyo hapa naziruka. Habari za blanketi, za baridi ya huko bara, za kutolala na njaa na kutoazima fulana ya mtu, mama yako anakueleza tangu juzi, na najua kesho atazirudia njia nzima mpaka garimoshi lipige honi. Mimi sina la kuongeza. Ukipata mafua utakuwa umeyataka mwenyewe.

Barua hii nimeiweka pamoja na bahasha nyingine iliyofungwa kwa gundi. Ile ya gundi si yako. Hii ndiyo yako, na nakuomba usiisome mpaka garimoshi liwe limepita Ruvu. Sababu yake ni moja tu, sitaki kuuona uso wako unapoisoma. Baba yako aliyekufundisha kusema mbele za watu bila kutetemeka anaogopa uso wa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Cheka, ukipenda.

Jina lako lilipotoka, kwamba umechaguliwa kwenda kujifunza kazi ya udresa, ya kuuguza watu, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, watu walikuja hapa kunipa pole badala ya hongera. Mama yako alilia siku mbili. Wewe uliniona nimenyamaza, ukaniuliza, "Baba, umekasirika?" Nikakwambia kichwa kinaniuma. Kichwa kilikuwa kizima kabisa. Nilinyamaza kwa sababu huko uendako kuna karatasi niliyoiandika mimi, na kwa ajili ya karatasi hiyo yumo mwanamke mmoja ambaye amekaa ndani zaidi ya miaka ishirini. Hati yangu utaitambua mara moja, zile k zenye mkia mrefu ambazo mwalimu wako alikukataza kuziiga. Nimetaka uisikie habari hii kutoka kwangu kabla hujaikuta kwenye faili.

Anaitwa Bi Siwema. Kwao ni Kongowe ya Kibaha, si ile ya upande wa Dar es Salaam, na aliolewa huku Kurui. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikuwa karani wa baraza, kijana, kanzu yangu imepigwa pasi, kalamu sikosi mfukoni, na nilijiona mtu mkubwa sana. Mumewe alifariki wakati wa mavuno ya mpunga, naye akaingia eda. Unajua mjane wa kwetu anavyokaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, sauti chini, hatoki ila kwa dharura. Bi Siwema alikaa mwezi na siku kadhaa. Kisha asubuhi moja watu wa Kurui wakaamka wakamkuta juu ya dungu, katikati ya shamba, anapiga kelele kama anayeamia ndege. Mpunga wenyewe ulikuwa umekwisha kuvunwa, yamebaki mabua.

Alichokuwa akipigia kelele kila mpita njia alikisikia. Alikuwa akitaja majina ya shemeji zake wawili, akisema sehemu hii alifyeka yeye, na ile aligawiwa na mumewe mbele ya mashahidi, na akiwataja mashahidi nao. Alishinda huko juu siku tatu. Siku ya nne shemeji zake walikuja na kamba kulipima shamba. Yeye alikuwa na teo lake, lile la kurushia ndege mawe, na mkono wake ulikuwa hodari. Shemeji mkubwa alivunjika mtulinga, mfupa wa bega.

Basi shauri likaletwa barazani. Alipofika hakuwa mtu wa kutazamika, maskini. Hakuwa amelala wala kula, nywele zimesimama, mara anazungumza nasi, mara anamgeukia marehemu mumewe na kumwuliza kama anasikia. Wanawake waliokuwa nje walikuwa wakisema kwa kumhurumia. Mmoja alisema, "Masikini, kachanganyikiwa. Mtu ana akili zake atatoka eda kwenda kupanda dungu?" Na wenzake wakaitikia, "Kachanganyikiwa, si bure."

Sasa nisikilize hapa, Shomari, maana kosa langu lilizaliwa mahali hapa, na lilizaliwa na huruma. Kama Bi Siwema alikuwa na akili zake, basi amevunja eda kwa ukaidi, amewatukana ndugu wa mume hadharani, amemvunja mtu mfupa, na anakwenda jela na aibu yake. Lakini mwenye wazimu hana dhambi. Hahesabiwi eda aliyoivunja wala tusi alilolitoa. Kwa hiyo sisi sote tuliompenda tukaona ni heri awe na wazimu. Tulimpa wazimu kama mtu anavyompa mwenzake kanga ajisitiri. Mzee aliyekuwa akisimamia baraza alinigeukia akaniuliza, "Karani, unaonaje?" Nami nikaandika, kwa hati nzuri, kwamba mwanamke huyu amevunja eda, amekaa dunguni baada ya mavuno, anazungumza na maiti, amejeruhi mtu, na wazee wote wanashuhudia kuwa ana wazimu.

Yeye aliniona ninaandika. Alikuwa ametulia kidogo wakati huo. Akaniambia, "Karani, andika na yangu basi."

Nikamjibu, "Tulia mama, nakusaidia."

Sikuliandika lake hata neno moja. Wala sikumtuma tarishi Kongowe kumwita mjomba wake. Wewe unajua kuwa kwetu hata mke akigombana na mumewe kwa chumvi, watu wa kwao hawakosi kuitwa. Mimi nililijua hilo kuliko wote pale, lakini gari la serikali lilikuwa linaondoka kesho yake, na karani hodari ni yule anayemaliza kazi. Walimchukua asubuhi. Nilikwenda nyumbani nikala nikashiba, nikamwambia mama yako, nimemwokoa mtu na jela leo. Ilipita miaka ndipo nikaelewa kuwa jela ina siku ya kutoka, na karatasi yangu haikuwa nayo.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba alikuwa mzima. Labda alikuwa mgonjwa kweli. Mtu asiyelala siku nne na kuzungumza na marehemu anahitaji kutazamwa, na huenda dawa ingemfaa. Lakini hata kama alikuwa mgonjwa, shamba lilikuwa lake, na kelele zake zilikuwa na maana, na sisi tuliyaweka yote katika kikapu kimoja tukakiita wazimu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa mfikirie baba yako mdogo Kondo. Wewe umekua ukimwona anaimba, anachota maji, anakuchongea vibao vya bao, na siku nyingine anakaa nyuma ya nyumba hataki kusema na mtu wiki nzima. Hujui alivyoanza. Alipokuwa wa umri wako alichoma kibanda chake mwenyewe, akatembea uchi mpaka Kurui, akamtoa mtu jino kwa mpini wa jembe. Bi Siwema alifanya nini zaidi ya hayo? Lakini Kondo alikuwa na mama, dada watatu, na kaka karani. Aliyetolewa jino alifuatwa na wazee wetu, wakakaa naye, wakaomba radhi, mambo yakaisha. Shangazi zako walilala naye kwa zamu. Akaletewa fundi kutoka Rufiji, akapigiwa ngoma, akanyweshwa dawa, na hata sasa sijui kilichomsaidia ni dawa au ni hao shangazi. Jina lake halijapata kuandikwa popote. Mwenye kalamu nilikuwa mimi, na kalamu yangu ilijua nyumba za kupita bila kubisha hodi.

Sasa nikupe lile baya zaidi, maana hilo la kwanza naweza kulisingizia ujana.

Baada ya miaka kama mitatu ilikuja barua kutoka hospitali. Ilisema mgonjwa Siwema ametulia, anasuka mikeka, anaweza kurudi kwao kama yupo jamaa wa kumpokea. Jamaa yupo? Ndilo lililoulizwa, na barua iliwekwa juu ya meza yangu. Niliwauliza shemeji zake, wakasema hawamjui tena. Shamba walikuwa wamekwisha kulipanda mikorosho. Nikakaa na ile barua siku mbili. Kongowe si mbali, Shomari. Mtu akitoka alfajiri anafika. Lakini nilijua akirudi atadai shamba, na shauri likifunguliwa upya wataitaka ile karatasi ya kwanza, na watauliza ni nani aliyemhukumu mke wa watu bila mjomba wake kuwapo. Wakati huo nilikuwa nangoja kupandishwa cheo. Nikaandika maneno mawili, "Hana jamaa," nikatia sahihi.

Barua kama hiyo ilikuja mara mbili nyingine. Ya pili niliijibu vilevile. Ya mwisho ilikuja mwaka niliostaafu, ikisema bado yu hai, bado ni mtulivu. Hiyo sikuijibu kabisa. Niliikunja nikaiweka ndani ya msahafu, nikaona haya, nikaitoa nikaitia sandukuni.

Katikati ya miaka hiyo alikuja daktari mmoja wa Kizungu, akizunguka vijijini kuuliza habari za wazimu, kwa kuwa alikuwa akiandika kitabu. Alikuwa mtu mwema, mpole, anapenda madafu kupita kiasi. Nilikuwa mkalimani wake kwa wiki mbili. Kila kijiji alikouliza, majumbe walimjibu kwamba hapa hakuna mwenye wazimu hata mmoja. Na muda wote huo aliyekuwa akimchotea maji ya kuoga, akiimba, ni Kondo. Yule daktari akampa sigara akaniambia, "Huyu ndugu yako ni mchangamfu sana." Nikasema ndiyo, bwana.

Siku ya mwisho alifungua daftari lake akaniambia ameona jambo kubwa. Katika majina aliyoyachukua kwenye mafaili ya hospitali, wengi hawana jamaa. Akasema ameelewa kuwa ugonjwa huu humfanya mtu achukiwe na ndugu zake mpaka abaki peke yake. Akalisoma na jina la Bi Siwema mle, na mbele yake maneno yangu mawili yametafsiriwa Kiingereza. Akaniuliza, "Sivyo, karani?"

Ningeweza kumwambia. Ningesema, bwana, umeanzia mwisho. Wale wenye jamaa hukuwaona kwa sababu jamaa zao wamewaficha, na mmoja wao ndiye huyo anayekuchotea maji. Wanaofika kwenye mafaili yako ni wajane, wageni, vibarua waliotoka mbali, watu wasio na wa kuwasemea. Na huyu hapa hakukimbiwa na mtu. Nimemwondolea jamaa mimi. Lakini nilisema, "Ndivyo, bwana," akaandika, akafunga daftari, akaniaga kwa kunishika mkono. Mahali fulani duniani kuna kitabu chenye uongo wangu ndani, na wasomi wanakisoma wakidhani ni elimu.

Sikufundishi udaktari, mwanangu. Utasomeshwa dawa na wanaozijua. Ninachokuomba ni kwamba utakapofungua faili la mtu, jiulize pia ni nani aliyeliandika, na siku hiyo alikuwa akimwogopa nani. Ukiambiwa mgonjwa fulani hana mtu, usikubali upesi. Muulize mwenyewe nani alikuwa akimpikia, nani alimsusia, shamba lake analima nani sasa. Wenzako watakuona unapoteza wakati. Acha wakuone hivyo. Mimi nilikuwa mwepesi wa kazi na nilisifiwa kwa wepesi huo maisha yangu yote.

Juma lililopita nilimwambia mama yako naenda Kisarawe kuangalia jembe. Nilikwenda Kongowe. Nimemwomba radhi kwa uongo huo, na sasa anajua yote unayoyasoma hapa. Ndiyo maana amekuwa akikupikia mchana kutwa bila kusema na mimi.

Mjomba wa Bi Siwema amefariki zamani, lakini nimemkuta mdogo wake Bi Siwema, anaitwa Bi Mwajuma, mtu mzima sasa, anapepeta mchele uani. Alinikaribisha vizuri. "Karibu baba, umetoka wapi na jua hili?" Nikamwambia Kibuta. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya dada yake.

Akaacha kupepeta. "Dada gani? Mimi nina dada mmoja tu, na alikufa hukohuko hospitali. Shemeji zake walituletea habari. Tumemkalia matanga hapa, siku tatu nzima."

Nikasema, "Hakufa. Mpaka mwaka juzi alikuwa hai."

Akauweka ungo chini. Kisha akasema, "Mama yangu kafa akimlilia. Sasa nani aliwaambia wakubwa wa huko kwamba hana watu?"

"Mimi."

Akainuka akaingia ndani bila neno. Nilidhani amekwenda kuchukua mchi, na nilikuwa nimekwisha kukubali moyoni anipige. Akatoka na daftari la shule la mjukuu wake na kipande cha penseli, akanitupia mapajani. "Andika," alisema. "Na leo utaandika ninavyosema mimi. Usinipunguzie, usiniongezee."

Nikaandika. Alitaja majina ya watoto wake na wajukuu, ili wajue huko kuwa watu wapo. Alisema chumba kipo, upande wa mashariki. Alisema kama bado hayuko sawa, hata hivyo aje, watamtazama wao. Kila mstari alinifanya nimsomee tena, na mara mbili alinisahihisha. Tulipomaliza alipaka kidole gumba masizi ya sufuria akakigandamiza chini ya maneno. Hakuniambia amenisamehe na sikumwuliza. Ila nilipoinuka alisema, "Ngoja jua lipungue, mzee, njia ni ndefu." Nikaketi nikalia mbele yake bila haya. Naye akaendelea kupepeta.

Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya bahasha ya gundi, pamoja na karatasi yangu mimi, inayosema kwamba niliandika bila kumsikiliza na nikajibu niliyoyajua kuwa si kweli, nami niko tayari kuulizwa. Mpelekee daktari mkubwa wa hospitali mkononi mwake. Ningeweza kuituma kwa posta, lakini nimekwisha kuona barua inavyoweza kulala juu ya meza ya karani.

Najua ninakutwika mzigo. Ndiyo kwanza unaingia kazini, na kitu cha kwanza utakachowapa wakubwa wako ni aibu ya baba yako. Watakujua kwa hilo. Ukiona huwezi, sitakulaani, wala sitakupenda pungufu, lakini nitaumia sana, heri nikuambie wazi. Na ukinidharau ukimaliza kusoma, nidharau, ila bahasha uifikishe. Nimekupenda tangu ulipokuwa huna meno, na nakupenda zaidi sasa kwa kuwa umechagua kazi ambayo mimi ningeikimbia. Siku uliyoniambia wenzako wanakucheka kwamba unakwenda kuishi na vichaa, nawe ukawajibu kwamba kwenu mnaishi naye mmoja na anakushinda bao, niligeuka upande nisikuonyeshe machozi.

Jambo moja la mwisho. Pengine dresa wa kiume haruhusiwi upande wa wanawake. Mwombe mkubwa wa wauguzi akupeleke, mwambie ni mama yako wa kijijini, maana ndivyo alivyo. Sijui huko wanamwitaje. Wewe usianze kwa jina, wala kwa habari za nyumbani, wala kwa kumwomba radhi kwa niaba yangu. Simama mbele yake uiname kidogo umwambie, "Shikamoo, mama." Kisha ngoja. Huenda ni miaka mingi hajaamkiwa hivyo na mtoto wa watu, na huenda asikujibu. Kesho yake rudi umwamkie tena, na kesho kutwa tena. Siku atakayosema marahaba, niandikie siku hiyohiyo, hata kama huna neno lingine la kuniambia.

Mimi baba yako,
Athumani